Pumzi ya Nyumba

Huenda, ewe msomaji, umepata kulala katika nyumba ya bati upande wa Mwingi, usiku wa baridi wa mwezi wa Julai. Mvua haijanyesha kwa majuma mengi na mbingu ni safi. Lakini kabla jogoo hajawika, tone la maji laanguka juu ya paji la uso wako. Wawasha taa na kutazama juu, nawe waona bati lote limelowa kana kwamba limetokwa na jasho. Bati halikutoboka, wala mvua haikunyesha. Maji yale yametoka katika vifua vyenu ninyi mliolala ndani. Ni pumzi zenu wenyewe, zilizopanda juu zikitafuta njia ya kutoka, zikaikosa, zikagusa bati baridi na kurudi chini kuwa maji.

Tone lile ni dogo, lakini habari yake ni ndefu. Watu wengi hudhani kuwa historia ni habari za vita, wafalme na mikataba tu. Nyumba nazo zina historia yake. Anayejua jinsi babu zake walivyojenga, na kwa nini wajukuu waliacha kujenga vile, amejua sehemu kubwa ya maisha ya watu wake. Basi nakuomba tufuatane katika habari hii ya nyumba za Ukambani: jinsi zilivyokuwa, jinsi zilivyobadilika, faida iliyopatikana katika mabadiliko hayo, na kitu kimoja ambacho kilisahauliwa njiani.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alifika Kitui mwaka wa 1849 akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri ambaye misafara yake ya pembe ilikwenda mpaka pwani. Wakati ule hapakuwa na bati wala saruji katika nchi yote ile. Nyumba ya Mkamba ilikuwa ya mviringo, mfano wa mzinga. Vijiti na fito zilipindwa na kufungwa kwa kamba za magome juu ya nguzo, kisha nyasi zikaezekwa kutoka kileleni hata karibu na ardhi. Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Uswidi aliyekaa kati ya Wakamba na kutoa kitabu kikubwa juu yao mwaka wa 1920, alizieleza nyumba hizo kwa urefu. Mlango ulikuwa mfupi, hata mtu mzima alilazimika kuinama. Dirisha halikuwapo. Katikati palikuwa na mafiga na moto, na wakati mwingine mbuzi wadogo au ndama walilala ndani pamoja na watu.

Mgeni aliyeiona nyumba hiyo kwa mara ya kwanza angeweza kusema, "Hii ni nyumba isiyo na hewa." Angekosea. Nyasi si ukuta mzito. Kati ya unyasi na unyasi pana nafasi, na katika maelfu ya nafasi hizo hewa hupita polepole. Moto wa mafigani ulipasha hewa joto, hewa ya joto ikapanda na kupenya paa, na hewa mpya ikaingia chini kwa mlango. Moshi ulitoka kwa njia hiyo hiyo, na masizi yake yakapaka fito na nyasi yakazikinga na wadudu waharibifu. Mvuke wa pumzi haukugeuka matone, kwa maana nyasi hazipoi upesi kama chuma, na unyevu kidogo uliobaki ulinyweka katika nyasi hata jua lilipoukausha asubuhi. Nyumba nzima ilipumua.

Hata hivyo tusiwasifu wazee kupita kiasi, kwa sababu sifa isiyo na kweli haimheshimu mtu. Moshi ule ule uliofukuza wadudu ulichoma macho ya akina mama, ukaingia katika vifua vya watoto wachanga waliobebwa migongoni wakati wa kupika. Cheche moja iliweza kuteketeza nyumba kwa muda mfupi. Nyasi zilioza, nazo ziliezekwa upya mara kwa mara. Nyumba ya kale ilikuwa na hekima yake na ilikuwa na mateso yake.

Kando ya nyumba palikuwa na jengo jingine ambalo yafaa ulikumbuke, kwa maana litarudi katika habari hii. Nalo ni ghala, ambalo Wakamba huliita ikumbi. Lilisukwa kwa fito kama kikapu kikubwa, likawekwa juu ya magogo au mawe ili lisiguse ardhi, na kufunikwa kwa kofia ya nyasi. Upepo ulipita chini yake na ubavuni mwake. Mawele, mtama, kunde na mbaazi zilikaa humo zikiwa kavu, na panya na unyevu wa ardhi ukawa mbali nazo. Katika nchi ambayo mvua hukosekana mara kwa mara, ghala lilikuwa benki ya nyumba. Watu hawakuijua elimu ya kuvu kama tuijuavyo leo, lakini walijua kwamba chakula kinahitaji upepo.

Sasa tuvuke bahari kidogo. Mwaka wa 1829, mhandisi Mwingereza aitwaye Henry Robinson Palmer alipewa hati ya kumiliki uvumbuzi wake wa bati lenye mikunjo. Alikuwa ametambua kwamba karatasi nyembamba ya chuma ikikunjwa mawimbi mawimbi hupata nguvu kubwa bila kuongezewa uzito. Lakini chuma hicho kilishika kutu upesi. Mwaka wa 1837, Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati ya njia ya kukipaka chuma zinki, na tangu hapo bati likaanza kusafiri duniani. Lilikuwa jepesi, lilipangwa moja juu ya jingine melini, na fundi mwenye nyundo na misumari aliweza kuezeka nyumba kwa siku chache.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, bati lilipanda nayo. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901, na Nairobi ya kwanza ilikuwa mji wa bati na mbao, uliojengwa kwa haraka juu ya ardhi yenye maji. Vyumba vya soko vilisongamana, vikiwa na giza, uchafu na hewa nzito. Mwaka wa 1902 tauni ilizuka katika soko hilo, na wakuu wakaamuru lichomwe moto. Tauni huletwa na viroboto wa panya, wala haiponyeshwi kwa dirisha. Lakini tangu wakati huo serikali ilianza kuuliza namna watu wanavyojenga na kukaa, na mwaka wa 1921 Kenya ikapata sheria ya afya ya watu wote. Sheria za ujenzi zilizotolewa mwaka wa 1968 nazo zilitazama mwanga na hewa ya vyumba katika miji. Kijijini, aliyejenga aliachiwa fundi wake na mfuko wake.

Katika Ukambani, bati lilionekana kwanza juu ya makanisa, shule, ofisi na maduka ya wafanyabiashara. Kisha likafika kwa walimu, askari waliorudi vitani na watu waliofanya kazi mijini. Usidhani kwamba watu walilipenda kwa kuwa linang'aa tu. Jambo kubwa katika Mwingi ni maji. Mwanamke aliyeamka usiku na kushuka mpaka mtoni kuchimba mchanga ili apate debe moja la maji, aliona kwamba paa la bati lenye mfereji na tangi humletea maji mlangoni mwake. Nyasi haziwezi kufanya kazi hiyo vizuri. Bati halikuogopa mchwa wala cheche. Katika miaka ya 1960, vikundi vya wanawake katika sehemu za kati za Kenya vilichanga fedha na kuezeka nyumba za wenzao kwa zamu, hata vikaitwa vikundi vya mabati. Ukambani nako, mwethya, ule ushirikiano wa kale wa kulima na kujenga pamoja, ulishika kazi mpya za kufyatua matofali, kujenga shule na kuchimba mabwawa. Kwa hiyo bati ni jasho la akina mama wengi, na anayelidharau hakumbuki umbali wa mto.

Lakini paa halikubadilika peke yake. Nyumba ya mviringo ikawa ya pembe nne. Ukuta wa fito ukawa wa matofali na saruji. Nafasi iliyokuwa kati ya ukuta na paa ikazibwa, kwa hofu ya popo, nyoka na mbu. Madirisha yakawekwa, lakini madogo, yenye mbao au vioo na vyuma, nayo hufungwa jua likichwa kwa sababu ya wezi na baridi. Watu walichukua umbo la nyumba mpya, wakaiacha pumzi ya nyumba ya zamani, wala hawakuweka nyingine mahali pake. Nyumba ikawa kama chungu kilichofunikwa.

Ili ujue kwa nini bati hulia machozi usiku, tazama hesabu hii. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 20 za Selsiasi yaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke. Hewa hiyo hiyo ikipoa mpaka digrii 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi. Zinazozidi hazina budi kuwa maji. Watu 5 wakilala saa 8 katika chumba, pumzi na ngozi zao hutoa mvuke ambao ukikusanywa huzidi lita moja ya maji. Tena bati, likitazamana na mbingu isiyo na mawingu, hupoteza joto lake upesi hata likawa baridi kuliko hewa ya nje. Mvuke ukiligusa hugeuka umande. Kioo cha dirisha hufanya vivyo hivyo, nawe waweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole asubuhi.

Ungekuwa ni usumbufu wa tone la usoni tu, nisingekuandikia insha. Lakini mahali maji yanaposhindwa kutoka, vitu vingine pia hushindwa kutoka. Ukuta ulio na unyevu siku zote huota kuvu nyeusi, na vifua vya watoto wenye pumu huzidi kubana. Mtu akileta jiko la makaa chumbani usiku wa baridi na kufunga kila tundu, makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Haimwamshi mtu kwa kikohozi kama moshi ufanyavyo; humzidishia usingizi mpaka asiamke tena. Tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alitangaza kwamba amegundua kijidudu cha kifua kikuu. Kijidudu hicho husafiri hewani kutoka katika kikohozi cha mgonjwa, na katika chumba kilichofungwa hubaki kikielea kwa saa nyingi kikisubiri pafu jingine. Ndugu 6 wanaolala katika chumba kisicho na tundu hugawana hewa moja kama wanaogawana kikombe kimoja.

Sasa twarudi kwenye ghala. Mwaka wa 1981, katika Wilaya ya Machakos, watu 20 waliugua ugonjwa wa ini baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, nao 12 wakafa. Mwaka wa 2004 msiba mkubwa zaidi ukaja, na Makueni na Kitui ndizo zilizoumia kuliko mahali pote. Kufikia tarehe 20 Julai mwaka ule, watu 317 walikuwa wameugua na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Wataalamu walipokwenda nyumba kwa nyumba, waliona kwamba waliougua walikuwa zaidi katika nyumba zilizoweka mahindi yakiwa na unyevu, na zilizoyaweka ndani ya nyumba za kulala badala ya ghalani. Fikiri, ewe msomaji. Njaa ilikuwa karibu, na mtu mwenye gunia moja huliweka karibu na kitanda chake ili lisiibiwe. Alilolifanya kwa mapenzi ya watoto wake ndilo lililowadhuru. Mahindi yale yalikuwa yamelowa tokea shambani, wala tundu la dirisha peke yake lisingewaokoa. Yalihitaji kwanza kukaushwa juani. Lakini msiba ule ulitukumbusha kwamba babu aliyeweka chakula chake mahali penye upepo hakuwa mjinga.

Ulimwengu mwingine nao ulijifunza jambo hili, ukalisahau, kisha ukajifunza tena. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka wa 1859, aliweka hewa safi mbele ya mambo yote ya kumtunza mgonjwa. Wakati ule wengi waliamini kwamba hewa mbaya yenyewe ndiyo huzaa magonjwa. Hata neno malaria asili yake ni maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya. Mwaka wa 1897 Ronald Ross alionyesha kuwa mbu ndiye abebaye malaria, na watu wakaanza kufunga nyumba wasiingie mbu. Walikuwa na haki, lakini wengine walimfungia mbu nje na kikohozi ndani. Mwaka wa 2007 uchunguzi uliofanywa katika hospitali 8 za Lima, nchini Peru, ulionyesha kwamba wodi za zamani zenye dari ndefu na madirisha makubwa zilibadilisha hewa vizuri kuliko wodi mpya, hata zile zenye mitambo. Na ugonjwa wa Korona ulipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020, shule zilifungwa, na zilipofunguliwa kwa wote mwezi wa Januari 2021, walimu waliambiwa waache madirisha wazi. Huenda nawe ulikuwa mmoja wa watoto walioketi karibu na dirisha wakilalamikia baridi.

Je, yatupasa kurudi katika nyumba ya nyasi? Hasha. Asiye na maji hawezi kuambiwa avunje paa linalomletea maji. Yatupasa kuirudishia nyumba mpya pumzi iliyopotea, na jambo hilo si la gharama kubwa. Fundi ajengapo aache tundu juu ya kila dirisha, chini ya paa, upana wa tofali moja au mawili, au aweke matofali yenye matundu. Anayechomelea madirisha ya chuma aweza kuacha ukanda mwembamba juu ya vioo usiofungwa kamwe, wenye kifuniko kilichoinama mbele ili mvua isiingie. Nyumba iliyokwisha kujengwa nayo haikosi dawa: kioo cha juu huondolewa, na mahali pake hutiwa wavu na mabamba yaliyolala kwa mshazari.

Katika kazi hii pana mambo matatu ya kushika. La kwanza, matundu yawe pande mbili za chumba, kwa maana hewa haiingii mahali isipoweza kutoka. Upepo wa Mwingi huvuma zaidi kutoka mashariki. Basi tundu moja lielekee huko na jingine liwe upande wa pili. La pili, tundu la kutokea liwe juu, kwa kuwa hewa yenye joto na mvuke hupanda. La tatu, kila tundu lifunikwe kwa wavu mwembamba wa waya, ili hewa ipite na mbu asipite. Wala wavu huo usiachwe ujae vumbi, maana wavu uliozibika ni ukuta.

Nawajua watakaopinga. Mmoja atasema kwamba baridi itaingia. Ajibiwe kwamba tundu lililo juu ya kimo cha mtu halipulizi kitandani, na kwamba blanketi kavu lina joto kuliko blanketi lenye unyevu. Mwingine atasema kwamba mwizi ataingia. Ajibiwe kwamba hapana mwizi apitaye katika upana wa tofali. Wa tatu hatasema neno, bali siku ya baridi atakunja gazeti au tambara kuukuu na kuliziba tundu. Huyo ndiye wa kuangaliwa zaidi, na katika nyumba nyingi huyo ni mimi na wewe.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Walisema kweli, nasi twauheshimu usemi wao. Lakini hao hao waliosema hivyo walilala chini ya paa lenye nafasi elfu, wakaweka mawele yao katika ghala lililopitwa na upepo. Walijua ufa wa kuziba na nafasi ya kuacha. Tofauti kati ya hizo mbili ni elimu, nayo ndiyo uliyotumwa shuleni kuitafuta.

Basi utakapokwenda nyumbani wakati wa likizo, simama mlangoni alfajiri kabla dirisha halijafunguliwa. Vuta hewa ya ndani, kisha vuta ya nje. Tazama bati, tazama kioo, tazama pembe ya ukuta nyuma ya kitanda, na uangalie gunia limewekwa wapi. Ukiona dalili za unyevu, zungumza na wazazi wako kwa adabu, maana nyumba ile imejengwa kwa jasho lao. Wasimulie habari ya ikumbi, ambayo huenda bibi yako aijua kuliko mimi, kisha umtafute fundi.

Nyumba njema humkinga mtu na mvua, jua, mwizi na mnyama. Lakini kama imemkinga na hayo yote kisha ikamnyima hewa, imemkinga na maadui wa nje ikamwacha na adui wa ndani.